Mbabula Yenye Nilikunjua

Mujukuu wangu Nadine,

Jambo sana. Huku Bel-Air tuko bazima. Mama yako anasema uvae manto, ile koti nzito, baridi ya huko haina muchezo.

Unauliza juu ya nini ordinatere, ile kompyuta yako ya kazi, ikikunjua sanduku ya bati ili itoe mchoro bapa wa kukata, inatoa urefu mufupi kuliko pande zote za inje ukizijumlisha. Mie pia, wakati nilikuwa najifunza ufundi wa bati kwa fundi mumoja, nilipima pande zote za mbabula, lile jiko ya makaa ya kona ine, nikakata, na kila mara bati ilizidi. Siku moja nikachukua mbabula mupya, yenye muntu alikuwa anakuya kuchukua, nikaikunjua yote kwa nyundo. Kumbe kwenye kona bati inapita njia ya mukato, haifike inje kabisa!

Fundi akarudi. "Nani ameharibu?"

"Ni mie, fundi. Nilitaka kujua."

Akaitazama. Akailaza juu ya bati ingine, akachora pembeni yake na musumari. "Kata hapa. Kunja mbio, muntu anakuya."

Ile yenye nilikunjua tukaitundika ku ukuta. Miaka yote, mbabula zetu tulizichora kwa kufuata ile.

Sasa niambie: mashini yako ilijuaje haya mambo, na haijavunja hata mbabula moja?

Kambo yako, anangojea jibu.