Taa ya Ndani ya Gari la Inosenti

Gatsata, Kigali
Novemba 1994

Kaka yangu Deo,

Natumaini u mzima, na kwamba mgongo wa Mama umetulia tangu mvua zianze huko Bukoba. Mimi sijambo, mji ndio bado una ukimya nisiouzoea.

Uliniuliza, wewe fundi umeme wa magari, kama magari ya kesho yataendeshwa kwa betri au kwa seli za hidrojeni. Kwa nilivyosoma chuoni, betri ni nzito na huchelewa kujaa. Seli hutoa umeme muda wote inapolishwa gesi, ila gesi yenyewe ni vigumu kuihifadhi. Ningechagua seli. Tangu nipange chumba hapa, sina hakika tena.

Mwenye nyumba, Mama Inosenti, ana gari la mwanawe uani. Inosenti aliliegesha mwezi wa Aprili, akaondoka kwa miguu, na hajaonekana. Kila jioni mama hufungua mlango, taa ya ndani ikawaka, akatazama kiti cha dereva, akafunga. Nikamweleza, kwa kiburi cha mwalimu, kwamba umeme ule uliingizwa kwenye betri na injini katika safari ya mwisho ya mwanawe.

“Basi iko ya Inosenti,” alisema.

Tangu hapo akawa anakaa humo, mlango wazi, hadi chai yake ipoe. Nilimwonya kwamba betri inakwisha, na ikiachwa tupu huharibika. Nikajitolea kuipeleka gereji ya Nyabugogo ikachajiwe.

“Watatia umeme ya nani, mwarimu?”

Seli ya hidrojeni haitunzi cha jana. Hutoa kile inacholishwa sasa. Labda huo ndio wema wake. Labda nakosea.

Juzi taa ilikuwa nyekundu kama kaa. Jana mama alifungua mlango nikiwa nyuma yake, na hapakuwaka kitu. Akaketi kiti cha abiria.

“Leo imewaka vizuri. Unaona?”

Nilisema naona.

“Ingia nyuma, basi. Funga mlango, hapendi vumbi.”

Nikaingia, nikafunga. Nawe unajua, kaka, mlango ukifungwa taa hiyo huzimika. Haikuwa imewaka, hilo nina hakika nalo. Hata hivyo, nilipofunga, giza liliongezeka mle ndani.

Nisalimie Mama, mkeo shemeji yangu, na shangazi aliyenifumia sweta; hapa milimani nalivaa kila siku.

Ni mimi mdogo wako akukumbukaye,
Konsolata