Zamu ya Piano

Diani, Kwale

Kwa Dada yangu mpendwa Mkamburi,

Shikamoo, Dada. Kwanza naomba radhi kwa kukawia kukujibu. Barua yako imekaa nami tangu kabla ya mvua, nami sikuwa na uso wa kuijibu. Natumaini miguu yako imepata nafuu, na kwamba baridi ya huko Taita haikuzidi. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu.

Uliniuliza kama ule muziki ulionitoa nyumbani katika uzee wangu nimekwisha kuujua. Dada, sijaujua, na naanza kuamini kwamba sitaujua.

Niruhusu nikueleze. Bwana Bakari, kiongozi wa bendi yetu hapa hotelini, ni Mdigo wa Waa aliyejifunza saksafoni jeshini, wakati wa vita vya Burma. Tulipatana hivi: mimi niwafundishe wenzake jinsi sauti nne zinavyokaa pamoja, kama tulivyofundishwa misheni kwa do, re, mi, naye anifundishe jazi, yaani kupiga kitu ambacho hakikuandikwa popote, ukikitunga papo hapo huku watu wanacheza. Katika kila wimbo kila mpigaji hupewa zamu yake ya kutunga hivyo, na wengine humshikilia chini, wakiendeleza sauti za wimbo asipotee.

Upande wangu wa mapatano nimeutimiza. Salimu, mpiga gitaa wetu kutoka Munje, hajui kusoma hata alama moja ya muziki, lakini sasa nikimwambia aongeze sauti ya saba juu ya sol, vidole vyake hufika kabla sijamaliza kusema. Upande wa pili ndio ulionishinda.

Kosa langu ni moja, nalo ni la mtu aliyepiga kinanda cha kanisa maisha yake yote. Mimi huanza vizuri, hata Bakari hutikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha nikikaribia mwisho wa mstari, mikono hutoka fa ikarudi do, polepole, kwa sauti zote nne: Amina, ile ya kufungia nyimbo za kanisa. Siitaki, Dada. Huja yenyewe.

Jumamosi moja ukumbi ulijaa Wazungu wa mashamba walioshuka kutoka bara kwa likizo. Zamu yangu ilipofika, Amina ikaja, nzito na kamili, na wachezaji wote wakasimama. Bibi mmoja akapiga makofi, akarudi kitini. Hata mpiga ngoma wetu akanyamaza, akidhani wimbo umekwisha.

"Mwalimu!" Bakari akaninong'oneza huku akicheka. "Umeshawapa ruhusa waende makwao!"

"Niwie radhi, Bwana Bakari."

"Radhi umepewa. Lakini wallahi, Jumamosi ijayo piga kosa lolote ulitakalo, liwe baya namna gani, ila lisiwe hilo la kanisani."

Wiki nzima nilifanya mazoezi asubuhi, watumishi wakifagia ukumbi. Salimu akaja kunisaidia.

"Mzee wangu, usifikiri unakokwenda," akanishauri. "Wewe nenda tu."

Nikamwuliza, mtu atajuaje basi kwamba amefika? Akacheka hata akaweka gitaa chini.

"Kwani nani amekwambia tunafika?"

Jumamosi ikaja, na zamu yangu ikafika. Niliweka mikono juu ya piano, nikaona kila njia iliyo mbele yangu inaishia mahali pale pale. Basi sikupiga kitu. Zamu nzima, Dada, vidole vimelala juu ya vibao, ngoma ikiendelea, na watu wakicheza bila kujua. Mwishowe Bakari akaingia na saksafoni yake.

Baada ya dansi nilimwendea kumwomba radhi. Safari hii hakucheka.

"Leo hukuharibu, Mwalimu," akasema kwa upole. Kisha, bila kunitazama: "Tangu sasa zamu yako ataichukua Salimu. Wewe tushikilie chini. Hapo hatuna mwingine kama wewe."

Heri angenitukana.

Sasa Salimu akiipata zamu ile, namsikia akizivunja sauti nilizomfundisha, akizitupa huku na huku, akiziunga mahali ambapo mimi nisingewaza kamwe. Nami niko chini yake nimezishika zilivyo, zisimpotee.

Umenikaribisha nirudi nikae kwako. Nakushukuru sana, na unisamehe nikikataa kwa sasa. Tangu mke wangu afariki, kila siku ya huko niliijua kabla haijaanza. Nilidhani huku nitajifunza kutojua kinachofuata. Sikujifunza, lakini kurudi nako sioni kutanisaidia nini.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu Mwakio, na mchungaji wetu mzee, ambaye namwomba asiniombee jambo hili, maana ni dogo. Na binti yangu Grace, ambaye nasikia huwaambia wanafunzi wake kwamba baba yake anapiga jazi pwani, tafadhali mwache aendelee kuwaambia.

Ni mimi ndugu yako mdogo, mwenye kukuheshimu siku zote,

Yohana