Mama wa Maono

Eldoret, Alhamisi, Julai 1986

Na huyu mchungaji naye! Si angeniuliza kwanza, kabla ya kunisimamisha mbele ya kanisa zima Jumapili? Eti nina maono, wala sipigi ramli. Akaeleza kwamba ramli ni neno la Waarabu, maana yake mchanga, kwa sababu wapiga ramli wa zamani walichora mistari mchangani. Lakini maono yanatokana na kuona, na anayeonyesha ni Mungu.

Mimi sijaonyeshwa kitu. Nilimwambia tu jirani yangu, Mama Atieno, asiende soko la Ziwa, na siku hiyo polisi wakafanya msako huko. Habari niliipata kazini, ninakounganisha simu za watu. Ukishawaunganisha unatakiwa kutoka kwa laini. Hakuna hata mmoja wetu anayetoka.

Nikisema ni maono, namdanganya Mungu. Nikisema nilisikia, ni jela.

Leo mchana afisa mmoja wa polisi wa hapa ameomba laini ya Nairobi. Nimemuunganisha kwa mkono wangu mwenyewe.

"Huyo mama wa maono anatoa wapi habari zetu?" akauliza.

"Mchukueni kesho asubuhi," wakamjibu. "Asijue mapema."

Jioni Mama Atieno ameniletea maziwa. "Wewe una raha," akasema. "Hakuna kitu kinaweza kukupata ghafla."

Nikitoroka, watajua nilisikiliza. Kwa hivyo wakija lazima nishtuke, kama mtu yeyote. Nimekuwa mbele ya kioo tangu aondoke, nikijaribu kushtuka, na bado uso unakataa.