Mutua, Uthibitisho Wetu Umekubali

Mutua, rafiki yangu,

Imekubali! Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuambiwa. Ilibidi nianze na profesa aliyekuwa akitusimamia. Utanisamehe.

Lile swali letu la kohomolojia ya Galois, ulilolibeba mpaka wodini, halikunitoka kichwani tangu tukuzike Machakos. Tulitaka kuonyesha, kwa namba tasa 2 kwanza, kwamba kila darasa la kohomolojia juu ya uwanja wetu wa namba hutokana na alama moja tu ya nadharia ya K, tofali moja badala ya rundo. Nikakwama. Kulikuwa na mzizi mmoja niliouhitaji, na uwanja wetu haukuwa nao.

Kisha Jumamosi moja nikifua nguo kwenye roshani hapa mtaani Umoja, nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia nikikata tamaa: "Wanjiru, si tupande kwanza? Tutashuka baadaye." Nikaacha ndoo hapo hapo. Nikaupanua uwanja kwa daraja la tatu, mzizi ukapatikana, alama ikabaki moja. Na kwa kuwa tatu haigawanyiki kwa mbili, kushuka tena kwenye uwanja wetu hakukupoteza kitu. Nililia, halafu nikacheka. Jirani akachungulia: "Uko sawa kweli?" Nilikuwa sawa, Mutua. Kwa mara ya kwanza tangu uende.

Makala imekubaliwa na jarida, na jina lako limetangulia. Niliipeleka kwa mama yako Kariobangi. Akapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaniuliza, "Sasa mtoto wangu alikuwa anatafuta nini huko?"

Nikamwambia kuna milinganyo ambayo majibu yake hayamo katika namba tulizo nazo, kwa hiyo tunayaongeza. Mizizi hiyo mipya inaweza kubadilishana nafasi na hesabu isijue. Sisi tulikuwa tunapima kinachojificha katika kubadilishana huko.

Akacheka sana. "Kama mapacha wa dada yangu! Walikuwa wanabadilishana viti shuleni, mwalimu hajui." Sijawahi kueleza vizuri kumshinda.

Akaniomba nimsomee kichwa cha makala. Nikakisoma chote, na urefu wake wote. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kidole kikiwa juu ya jina lako, na nilipomaliza akasema, "Amina."

Nakuahidi: muhula ujao nitaifundisha hatua ile ya kupanda kisha kushuka, na wanafunzi watajua ni ya nani. Mimi sasa naingia kwenye namba tasa nyingine, ambako njia yetu haitoshi. Nina kazi ya kutosha, na nina furaha. Lala salama, ndugu yangu.

Wanjiru