Bahasha ya Zainabu

Jumatatu, 1 Septemba
Sukari kabla ya kula: 214. Nimejichoma mara mbili, tone la kwanza halikutosha. Vidonge viwili. Chai kavu.

Zainabu amerudi kutoka mazoezini Ngagara saa mbili, jasho limelowesha mtandio, anacheka peke yake. Wiki ya tano sasa. Viatu vyeupe walivyompa wale wa utafiti wa sukari ameviosha na kuvianika ukutani, mbele ya cherehani yangu. Ukuta wote huu unaozunguka parseli, nyumba na uani, akachagua hapo.

Tulijiandikisha pamoja. Tumbo moja, ugonjwa mmoja, siku moja. Bahasha zilikuwa zimefungwa, kila mtu akapewa yake. Yake: kundi la mazoezi. Yangu: kundi la kawaida. Maana yake ninywe vidonge vyangu, nikae nilivyozoea kukaa, niende kupimwa. Basi.

Ni mdogo wangu kwa miaka mitatu. Tangu utotoni yeye ndiye anayepata.

Alhamisi, 4 Septemba
Yake 138. Ameitangaza uani kama matokeo ya mtihani. Mama amepiga vigelegele. Vigelegele, kwa sukari!

Yangu 209. Hakuna aliyeuliza.

Mama hajasahau mguu wa baba. Walianza kumkata kidole, wakafika gotini, na bado akatufia. Siku hizi akimtazama Zainabu anapumua. Akinitazama mimi, anatazama miguu yangu.

Jumanne, 9 Septemba
Rohero, kupimwa. Nimemwomba Godeliva, nesi wa utafiti, anihamishie kundi la mazoezi. Nilijipanga njia nzima maneno ya kusema, nikayasahau yote mlangoni.

"Apana, Mariamu," akasema. "Bahasha ndiyo imechagua. Kama kila mutu anajichagulia, tutajuaje kama ni mazoezi imesaidia, ao ni nia ya mutu tu?"

"Na mi je? Nikae tu?"

"We ndiye unatuonyesha tofauti. Ikiisha, na nyinyi mutafundishwa. Tuliwaelezea, mukasaini. Na kama unataka kutoka, unatoka siku yoyote."

Kweli nilisaini. Nilisaini nikiwa na hakika kwamba bahasha nzuri ni yangu. Sikuwaza hata kidogo kwamba ingeweza kuwa ya Zainabu.

Kutoka sitoki. Nikitoka, yeye atabaki na yote.

Jumatano, 17 Septemba
Siku ya sita natembea kwa siri. Nikimaliza sala ya alfajiri nashika njia ya kupanda Mutanga Nord, ambako hakuna anayenijua. Mama nimemwambia nina mteja huko, mke wa bosi, anataka magauni matatu. Tayari ameniuliza ya rangi gani. Nimesema kijani.

Magoti yananiuma. Kile kilima hakina huruma.

Zainabu anatembea na wenzake kumi na wawili, mwalimu anawapigia filimbi, wakimaliza wanapiga makofi. Mimi natembea kama mwizi.

Jumamosi, 27 Septemba
161! Sikuamini. Nikapima tena: 158.

Nilitaka kumwita mama. Nimeingia chumbani, nikajitazama kwenye kioo, nikatoka.

Kwenye karatasi tunayojaza kila wiki kuna swali: umefanya mazoezi? Nimeandika hapana. Mara ya pili sasa. Mkono haukusita.

Nilidhani wivu ungepungua nikianza kupona. Umeongezeka. Yeye leo 121.

Jumatatu, 6 Oktoba
Naandika kama ilivyokuwa.

Mama alikuwa sokoni. Zainabu alirudi mazoezini, akapita moja kwa moja bombani kufua. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nikaona mikono yake inatetemeka. Akawa anasugua sehemu ile ile ya shati, tena na tena. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, hewa ya baridi, na yeye jasho linamtiririka usoni. Akaniita. Hakusema dada. Alisema "shangazi", na shangazi yetu alikufa zamani.

Nilijua. Tulifundishwa wote, siku ya kwanza kabisa: hiyo ni sukari iliyoshuka, mpe kitu kitamu haraka.

Sikuinuka.

Nilikuwa nashona mkono wa gauni. Nikaumaliza. Mkono mzima, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo. Nilikuwa nawaza: sasa waone. Wayaone hayo mazoezi yao.

Alipoegemea ukuta na kuanza kuteleza chini ndipo nilikimbia. Maji na sukari, vijiko vinne. Nilimshika kidevu, akameza. Akatulia. Baada ya muda akaniuliza kwa nini nalia.

Kumbe alikunywa vidonge vyake na kwenda mazoezini bila kula.

Mama aliporudi akanikumbatia. "Umeokoa mudogo wako." Nikakubali kukumbatiwa. Nikala na chakula.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimemsindikiza Rohero. Daktari amempunguzia vidonge, amemkataza kutoka bila kula. Atabaki kundini.

Alipokuwa ndani nimemwambia Godeliva kuhusu matembezi yangu. Kilima, karatasi za uongo, yote hayo. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Hatukukatazi kutembea, mama. Mwili ni wako. Lakini hii tunaandikia watu wengi wenye sukari. Ukitudanganya, unadanganya na wao."

Hakunifukuza. Nitahesabiwa kundi lile lile, ila ukweli utaandikwa. Kuanzia sasa najaza ndiyo.

La bombani sikumwambia. Hilo si lake.

Ijumaa, 10 Oktoba
Siku nne nimelibeba. Zainabu amekuwa akiwasimulia majirani: bila dada ningekuwa maiti. Leo amelisimulia mbele yangu kwa mke wa fundi pikipiki. Sikuweza tena.

Baada ya sala ya adhuhuri alikuwa uani anachambua mchele. Nikakaa karibu yake. Nikamwambia nilikuona mapema. Nilijua ni nini, nikaendelea kushona.

Hakuinua kichwa.

"Najua, dada. Nilikuwa nasikia mashine."

"Sasa mbona unawaambia watu..."

"Ulitaka niwaambie nini?"

Akaendelea kuchambua. Nikakaa pale mpaka alipomaliza sahani yote, nikidhani atasema neno lingine. Akabeba mchele, akaingia jikoni.

Jumanne, 14 Oktoba
Salamu tu. "Salama, dada." Basi. Viatu anavianika upande wa pili wa nyumba. Mama anauliza kama tumegombana. Kila mmoja wetu anajibu apana.

Natembea kila asubuhi; mama nimemwambia hakuna mteja wala magauni. Leo 149. Sikuhisi kitu.

Jumapili, 19 Oktoba
Mvua tangu alfajiri. Sikutoka.

Zainabu amekuja na mayai mawili ya kuchemsha kwenye sahani. Amekaa kizingitini. Amemenya moja, akanipa. Akamenya lake. Tumekula. Amesema mwaka huu mvua ni nyingi. Nikasema ndiyo.

Mvua ilipopungua akajifunga kitenge, akamshika mama mkono, wakaenda sokoni. Anatembea vizuri. Mgongo umenyooka, hatua nyepesi, kama msichana. Mama alikuwa anamwambia kitu, wakacheka.

Bado ninamwonea wivu. Naandika kwa sababu ni kweli.

Nimewatazama mpaka walipokata kona. Halafu nimeosha sahani.