Kulia Salama, Kushoto Salama

Baba Zuhura wangu,

Huko uliko hakuna bodaboda, kwa hiyo leo utanisikiliza bila kugeuza shingo huku na huku.

Unakumbuka uliporudi kutoka Japani, kule mlikopelekwa kujifunza kazi ya reli? Mimi nangoja zawadi, wewe umeniletea kidole! Ukanieleza kwamba kwenye reli zao za treni za mjini, fundi hasogei mpaka anyooshe kidole, aseme kwa sauti anachokiona, na mwenzake aitikie. Basi ukayahamishia mambo hayo Kariakoo. Tukitaka kuvuka barabara ya Msimbazi, unasimama na kanzu yako, kidole mbele: "Kulia salama! Kushoto salama!" Na huvuki mpaka nijibu, "Salama!" Aibu niliyoipata! Wamachinga wakatuzoea, wakawa wanakuitikia wao, "Salamaaa!" Nawe unagoma: "Sivuki. Anayenilinda ni mke wangu."

Siku ile relini, mwenzenu aliyewekwa kuangalia treni aliitwa akasaidie kuinua taruma, lile gogo linalolazwa chini ya reli. Wewe ulikuwa umeinama unakaza bolti. Treni ikaja, na kipenga chake cha kuwaonya hakikulia. Tangu tukuzike sijalitamka tena neno lile. Mtu akinisabahi "Salama?", namjibu "Nipo."

Nipo kweli, lakini na nani? Chumba na sebule tulivyovilalamikia udogo, sasa vimenizidi. Upande wako wa kitanda naweka nguo za kupiga pasi, nisilale nikitazama pengo. Nina upweke, mume wangu, tena hauzoeleki.

Sasa sikia ya mwanao. Mtoto wa nyoka ni nyoka: Zuhura kapata kazi reli! Nikamnunia. Nikamwambia aje tuuze madera dukani. Akapiga magoti.

"Mama, bila radhi zako siendi. Mimi ndiye nitakayeshika kipenga. Nitawaangalia wenzangu, na wakiniita nikabebe chochote, sitoki."

Radhi sikumpa. Na leo asubuhi ameniamkia, "Shikamoo mama," nikasema marahaba kwa shingo upande, basi. Akashuka ngazi na kizibao chake cha rangi ya chungwa.

Nikatoka kibarazani kumchungulia. Kasimama ukingoni mwa barabara, kanyoosha kidole chako kilekile. "Kulia salama! Kushoto salama!" Njia nyeupe, hata mkokoteni hakuna. Hakuvuka. Machinga mmoja akaitikia, "Salamaaa!" Hakusogea. Hakuniangalia, lakini nilijua anamngoja nani. Yarabi! Nikashika chuma cha kibaraza, nikaikumbuka maiti yako, nikakumbuka na vile ulivyokuwa ukigoma pale pale.

"Salama, mwanangu! Salama!"

Akavuka.

Nimebaki pale mpaka jua likaniunguza. Duka sijafungua. Jioni nitarudi kibarazani, na mwanao akiita kutoka ng'ambo, nitaitikia kabla machinga hajafungua kinywa. Mola akulaze pema, baba. Na hii ni yako, niliyokuwekea muda wote huu: salama.

Mkeo,
Mama Zuhura