Usiniulize Imani, Niulize Dhana

Nyumbani kwa Bibi,
Chumba cha mbele, dirishani.
Jumapili, tarehe 14, mchana.

Mpendwa mjukuu wangu Maswali,

U mzima? Na usinijibu "mzima, Bibi" kama anayemjibu askari. Nataka kujua kama kile kikohozi kimeisha, na kama unakula chakula au unatafuna biskuti mbele ya kompyuta. Mimi nipo. Goti la kushoto linalalamika kila nikiinuka, lakini sijaomba mtu anishike mkono, na siombi.

Kwanza tumalize la simu. Usijidanganye kwamba ile simu ilikatika yenyewe. Nilikata mimi. Tangu hapo Jumapili mbili zimepita kimya, na hii ya tatu imefika mchana. Simu imelala chali mezani kama mgonjwa.

Sasa kazi. Ulisema unataka mtu asiyejua kitu aijaribu hiyo programu yako ya kufundishia takwimu, ukanichagua mimi. Ahsante kwa heshima. Niliishia darasa la nne, lakini kusoma najua, na kuona kosa la mtu najua zaidi. Tena ulisema utakuja nyumbani ikishakamilika, na mwaka wa pili huu unasema hivyo hivyo. Basi nimeikagua haraka ili usiwe na kisingizio.

Maandishi ni madogo kama sisimizi. Kitufe kimeandikwa "Wasilisha". Nawasilisha nini, kwa nani? Mimi si karani. Andika "Endelea". Na ile mifuko miwili ya gololi, eti mtu kachomoa nyekundu, sasa akisie mkono aliutia mfuko upi. Ni mtu gani huyo asiyejua mkono wake uko wapi?

Lakini nilipoifanya mara tatu nilielewa. Kwanza unasema unadhani nini, halafu unaona kitu, halafu unaisogeza dhana yako. Kumbe nimeifanya maisha yangu yote. Mtoto akisema hajaonja sukari, unamwamini. Ukiona mdomo unang'aa, unampunguzia. Mama yako alipunguziwa sana.

Fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye siku hizi ndiye pekee anayeingia humu, tena kwa kuazima pasi, alijaza swali lake: je, mteja wa suruali ya bluu atakuja kuichukua siku aliyoahidi? Akauweka ule mstari wa kusukuma kwa kidole katikati. Kila siku mteja asipotokea, mstari ukashuka. Akacheka mpaka akakaa. "Bibi, hiki kitu kinawajua wateja wangu!"

Nami nikajaza langu: je, mjukuu wangu atakuja mwaka huu? Programu ikaandika, "Imani yako ya awali ni ipi?" Mwenzio nikaitazama. Nilidhani inataka kujua nasali wapi. Kisha nikasema, imani? Imani yangu kwako haina nusu. Nikausukuma mstari mpaka juu kabisa. Halafu nikaipa Jumapili zako, siku unazopaswa kunipigia simu, kwa maana anayekuja hutangaza, asiyekuja hujificha. Jumapili kumi na moja, nimezitoa kwenye kalenda. Umepiga simu mara mbili. Mstari haukusogea hata unywele.

"Kimekwama hicho," akasema fundi. "Kipige kofi."

Ndipo nilipokupigia, nawe ukacheka. "Hakijakwama, Bibi. Ukianza na uhakika wote, hakuna utakachokiona kikakubadilisha. Nitaufunga ule mstari usifike juu." Nikaona kama umenifungia mlango. Nikakata.

Nimelifikiri tangu siku hiyo. Muda ninao. Kosa si mstari, wala si mimi. Kosa ni neno lako. Ukimuuliza mtu imani yake atajaza mpaka juu, kwa sababu kuipunguza ni sawa na kukana. Muulize dhana. "Kabla hujaona lolote, unadhani nini?" Hapo hata mkaidi kama mimi atabakiza nafasi. Usifunge mstari, mtoto wewe. Badilisha neno.

Leo asubuhi nimejaribu mwenyewe. Nimebandika plasta ya kidonda kwenye kioo, juu ya neno lako na kuandika "dhana" kwa kalamu. Nikaanza na robo tatu. Nikajaza Jumapili zile kumi na moja, na mbili za kimya. Mstari ukashuka, ukapanda kidogo pale ulipopiga, ukashuka tena. Umebaki upana wa kidole, na si kidole gumba.

Chumba hiki kikinyamaza, kimenyamaza kweli. Nilisikia cherehani ya fundi kupitia ukutani, inamshonea mtu asiyekuja kuchukua nguo yake.

Kwa hiyo programu yako inafanya kazi. Waambie wakubwa wako kwamba mtu wa darasa la nne ameelewa, na kuelewa kwenyewe kumemuuma. Unataka ikamilike namna gani tena?

Msalimie mwenzako wa chumba, yule asiyejua kupika. Mjomba wako fundi bomba alileta salamu zako mwezi uliopita, akaishia dirishani. Zimechacha kidogo, zipokee hivyo hivyo. Fundi cherehani anasema vipimo vyako bado anavyo, kama hujanenepa. Mungu ayalinde macho yako mbele ya hiyo kompyuta, akufungulie njia, na njia yenyewe ipite hapa.

Dhana yangu nimekuandikia, upana wa kidole. Imani sijaigusa. Na Jumapili ya leo bado sijaijaza, maana siku haijaisha.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ninapokata simu.